Utapita au Upite? Silabi Moja katika Barua ya Mwakilishi



Kila mwaka, theluji ya kwanza inapoanza kuanguka hapa Portland, jimboni Maine, hunifikia barua moja ya kurasa mbili. Huandikwa na mwakilishi wa mtaa wetu katika Bunge la jimbo, naye huwaeleza wapiga kura wake anayoyatazamia katika kikao kijacho mjini Augusta: miswada anayoitaka, fedha anazoziombea, na mambo yanayomtia hofu. Barua hiyo ni ya Kiingereza. Kazi yangu, ambayo silipwi wala sijaomba kulipwa, ni kuitia katika Kiswahili kwa ajili ya majirani waliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura na kambi ya Kakuma. Kila mmoja wao ana Kiswahili cha kwao, lakini ndicho kinachowakutanisha.

Kwa miaka kadhaa ya kuifanya kazi hiyo nimebishana sana na wenzangu juu ya istilahi. Je, mkusanyiko wa wabunge unaochukua miezi kadhaa tuuite kikao au mkutano? Bunge la Tanzania limeshatofautisha: mkutano ni ule wa majuma kadhaa, na kikao ni cha siku moja ndani ya mkutano huo. Nikiandika "kikao", Mtanzania hudhani ni jambo la asubuhi hadi jioni. Nikiandika "mkutano", Mkongomani huuliza ukumbi uko wapi ili naye ahudhurie. Na "mbunge wa jimbo" je? Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo dogo la uchaguzi. Kwetu huku jimbo ni Maine nzima, yenye watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Ndugu zetu wa Kongo husema "depite", kwa kufuata Kifaransa, na wanaelewana vizuri tu. Mimi nimechagua "mwakilishi", kwa kuwa Zanzibar wanalo Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980, na hilo nalo ni baraza la kutunga sheria la sehemu iliyo ndani ya dola kubwa zaidi. Na "kikao" nimekiacha kama wengi wanavyokitumia huku.

Mabishano hayo ni matamu, nami sitayaacha. Lakini leo nataka kukiri kwamba kwa muda mrefu yalinipotezea shabaha. Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika barua hiyo halikuwa katika nomino yoyote. Lilikuwa katika silabi moja ya kitenzi, nayo ni -ta-.

Miaka michache iliyopita barua ile ilitaja muswada wa kutenga fedha za kuzisaidia familia za kipato kidogo kulipa amana ya nyumba, yaani ile fedha ambayo mwenye nyumba huitaka kabla hajakukabidhi ufunguo. Mwakilishi aliandika kwa Kiingereza cha kawaida cha kisiasa, kile kinachoyasema mambo yajayo kana kwamba yameshapangwa. Nami nikaandika: "Tutaupitisha muswada huu, na utakapopita, familia zitapata msaada wa amana." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili nikaridhika nayo. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa, ulimi haukukwama popote. Nikaichapa barua, nikaigawa baada ya ibada ya Jumapili, nikarudi nyumbani nikalala.

Mwezi Mei alikuja mlangoni kwangu mama mmoja wa Uvira, mwenye watoto wanne. Alikuwa ameikunja karatasi yangu mara nne na kuihifadhi katika bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akanieleza kwamba mwezi Februari alipata nafasi ya nyumba ndogo mjini Lewiston, kwa kodi anayoimudu, naye akaikataa. Aliikataa kwa kuwa karatasi ilisema msaada wa amana utakuja, na kwa msaada huo angepata nyumba hapa hapa Portland, karibu na shule ya watoto wake. Kikao kilikuwa kimefungwa Aprili. Muswada ulikuwa umekufa. "Mwalimu," aliniambia bila kupandisha sauti, "si ni wewe uliandika utapita?"

Nilimkaribisha ndani, nikampa chai, nikaeleza niliyoweza kuyaeleza. Lakini jibu sikuwa nalo. Mwakilishi hakumdanganya mama yule, maana mama yule hakuwahi kusoma hata neno moja la mwakilishi. Alisoma maneno yangu, na maneno yangu yalisema utapita.

Ili tupime uzito wa silabi hiyo, yatupasa tujue mwakilishi mmoja ana nguvu kiasi gani. Bunge la Maine lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye viti 151 na Seneti yenye viti 35. Mwakilishi mmoja huwasemea watu wapatao 9,000. Miswada ipatayo 2,000 huletwa katika kila kipindi cha miaka miwili. Muswada ukishaletwa hupelekwa katika kamati ya pamoja ya mabaraza yote mawili. Kamati husikiliza maoni ya wananchi hadharani, kisha wajumbe wake hukaa na kuuchambua, kisha hutoa ripoti. Na ripoti hizo zina maneno ambayo mpenzi wa lugha hawezi kuyapita bila kusimama: kamati husema muswada "wapaswa kupita" au "haupaswi kupita". Kamati yenyewe, baada ya kusikiliza na kuchambua, haithubutu kusema "utapita". Baada ya hapo muswada hupigiwa kura katika kila baraza, na zaidi ya mara moja, ndipo upelekwe kwa Gavana, ambaye ana siku kumi za kuutia saini, kuukataa, au kuuacha uwe sheria bila saini yake.

Hata ukipita milango yote hiyo, sheria ya kawaida haianzi kutumika mpaka zitimie siku 90 tangu kikao kufungwa. Ili ianze mara moja, lazima ipitishwe kama sheria ya dharura, kwa theluthi mbili ya viti vyote: kura 101 kwa wawakilishi na 24 kwa maseneta. Kwa hiyo, hata kama muswada wa amana ungepita Aprili ile bila kuwa wa dharura, mama yule asingeona senti kabla ya Julai. Hilo nalo sikuliandika.

Kuna mlango mmoja zaidi, nao ndio uliouua muswada wake. Muswada unaohitaji fedha za hazina ya jimbo, baada ya kukubaliwa na wawakilishi, huwekwa Seneti juu ya kile kinachoitwa Meza ya Matumizi Maalumu. Hapo hulala na mingine mingi hadi siku za mwisho za kikao, wakuu wa bajeti waone ni kiasi gani kimebaki na nani apewe. Mingi hubaki hapo hapo mezani hadi kikao kifungwe, nayo hufa pasipo mtu kuipigia kura ya kuikataa. Mwezi Machi mwaka ule niliwatangazia majirani kwamba muswada wa amana "umewekwa mezani". Walishangilia, na mimi nilishangilia pamoja nao. Katika Bunge la Tanzania, hati zinazowasilishwa mezani ni hati zinazofikishwa mbele ya Bunge zishughulikiwe. Kuweka mezani ni kuleta. Katika mabunge ya Marekani, kuweka mezani ni kuweka kando. Tulikuwa tukiushangilia muswada uliokuwa umeshalazwa kitanda cha mauti.

Basi mwakilishi anapotazama mbele mwezi Disemba, kati yake na sheria ipo milango isiyopungua mitano, na ufunguo alio nao mkononi ni wa mlango wa kwanza tu. Katika kikao cha pili cha kipindi, ambacho huwa kifupi, hata huo wa kwanza una mlinzi. Katiba ya Maine inakibana kikao hicho kishughulikie mambo machache: bajeti, mambo ya dharura, yanayoletwa na Gavana, yaliyofanyiwa uchunguzi na kamati, na yale yaliyoombwa na wananchi kwa saini zao. Mwakilishi akitaka kuleta muswada mpya, huuombea kibali kwa baraza la viongozi kumi wa Bunge, na lazima apate kura sita. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema "nitauomba". Hawezi kusema "utapita", kama vile mvuvi anavyoweza kusema "nitatega" wala hawezi kusema "samaki wataingia".

Sasa turudi kwenye lugha. Kiswahili kimetupa zana nyingi za kuyasema mambo ambayo bado hayajawa, na kila moja ina ahadi ya kiwango chake. Ipo -ta- ya mtu anayelisema tendo lake mwenyewe: nitawasilisha, nitahudhuria, nitapiga kura ya ndiyo. Hiyo ni deni, na wazee walishalitolea hukumu: ahadi ni deni. Lipo umbo linaloishia kwa -e, la ombi na la nia: upite, tuupitishe, wasikie. Humo msemaji anasema anachokitaka na kukiri kwamba hakimo mikononi mwake peke yake. Ipo -ki- ya sharti: ukipita, familia zitapata. Ipo -nge- ya jambo lililo mbali zaidi: ungepita, tungepumua. Na kati ya "utakapopita" na "ukipita" pana bonde zima. La kwanza limeshaufungulia muswada njia na linasubiri siku tu. La pili linasema njia haijulikani. Mimi niliandika "utakapopita". Kwa -po- ile nilimwondolea mama wa watoto wanne shaka iliyokuwa haki yake kuwa nayo.

Najua watakaonipinga, nami nimejibishana nao kichwani mara nyingi.

Wa kwanza atasema kwamba -ta- si kiapo. Tunasema "kesho mvua itanyesha" na hakuna anayemshitaki msemaji mvua isiponyesha. Ni kweli. Lakini tunaisikiliza -ta- kwa kumtazama anayesema na analolisema. Mvua haina mwenyewe hapa duniani. Sheria inao wenyewe. Mtu mwenye cheo akisimama mbele ya watu waliohama mara tatu na kuwaambia "mtapata", hawasikii utabiri wa hali ya hewa. Wanasikia kauli ya mkubwa, na kwao kauli ya mkubwa ndiyo ile ambayo mara nyingi iliwapa mahema au iliwanyima.

Wa pili ni mfasiri mwenzangu, na hoja yake ni nzito zaidi. Atasema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kumsahihisha mwandishi. Mwakilishi aliandika kwa wakati ujao. Nani alinituma nimpunguzie uhakika wake? Nami nasema kwamba wakati ujao wa Kiingereza cha wanasiasa na -ta- yetu havibebi mzigo ule ule. Msomaji wa Kiingereza aliyezaliwa hapa ameshazisoma barua za namna hii tangu ujana. Ana punguzo lake kichwani, kama mnunuzi sokoni anayejua kwamba bei ya kwanza si bei. Anaposoma "tutapitisha", husikia "tungependa kupitisha". Msomaji wangu hana punguzo hilo. Nikimpa neno la bei ya kwanza kana kwamba ndiyo bei yenyewe, nitakuwa nimefasiri maneno na kupotosha maana.

Wa tatu ni mwanasiasa, naye atasema kwamba hakuna anayempigia kura mtu wa "huenda" na "ikiwezekana". Watu wanataka anayejiamini. Huyu nilimjibu ana kwa ana. Baada ya ziara ya mama yule nilimwomba mwakilishi wetu tuonane, naye, kwa uungwana wake, akakubali. Tulikaa maktaba ya mtaa. Nilikuwa nimeipigia mstari kila kauli ya wakati ujao katika barua yake. Zilikuwa 23. Nikamwomba aniambie ni zipi anazoweza kuzitimiza hata wenzake wote 150 wakikataa. Alicheka mwanzoni, kisha akaichukua kalamu. Alipomaliza, zilizobaki zilikuwa 6: kuwasilisha, kupiga kura, kuhudhuria, kujibu barua, kuja mtaani kila mwezi, kuwaambia watu matokeo. Akazitazama kitambo, akasema hakuwahi kujua kwamba ahadi zake halisi zinaenea katika kadi moja.

Tangu siku hiyo barua huja ikiwa na sehemu tatu: nitakayoyafanya, nitakayoyaomba, na yanayowategemea wengine. Sikumgeuza malaika. Zipo kauli anazozing'ang'ania, kama ile ya "tutazilinda familia zetu", nami kila mwaka huizungushia duara, naye kila mwaka huirudisha. Anasema hiyo si ahadi, ni moyo. Huenda yuko sahihi, ingawa moyo nao una umbo lake katika Kiswahili: tuzilinde.

Barua ya kikao cha mwaka 2026 iliponifikia, silabi yetu ilikuwa na kazi kubwa ndani yake. Kikao kilipangwa kufunguliwa tarehe 7 Januari 2026 na kwisha katikati ya Aprili. Kilikuwa kikao cha pili, kile kifupi. Mamia ya miswada iliyosalia katika kikao cha kwanza ilikuwa ikisubiri humo, na ambayo ingeshindwa kuwa sheria ingekufa kipindi kikifungwa. Gavana Janet Mills alikuwa akimaliza muhula wake wa pili na wa mwisho mfululizo. Viti vyote 186 vya Bunge vilikuwa vipigiwe kura Novemba 2026 pamoja na ugavana, na mwaka wa uchaguzi ndio mwaka ambao -ta- huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Juu ya hayo, sheria ya shirikisho iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana stahiki za wakimbizi na waliopewa hifadhi katika msaada wa chakula na bima ya afya. Swali ambalo majirani zangu wananiuliza kila Jumapili ni moja: je, jimbo litaliziba pengo hilo?

Mwakilishi ameandika kuhusu pengo hilo aya nzima. Nilikaa nayo jioni mbili. Katika Kiingereza chake ameandika kwamba ataomba fedha za jimbo zitumike, na kwamba anatumaini wenzake wa vyama vyote viwili watakubali. Nimefasiri hivi: "Nitaomba fedha za jimbo zitumike. Wenzangu wakikubali, baadhi yenu mtapata msaada. Wasipokubali, hamtapata kutoka kwa jimbo, na yafaa mjiandae." Sentensi ya mwisho haikuwamo. Nilimpigia simu nikamwomba ruhusa ya kuiongeza, akanyamaza kidogo, akaniambia niiongeze, naye ataiongeza katika ya Kiingereza.

Nayaandika haya katika ukurasa wa washairi kwa sababu. Shekhe Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Mtu yule yule aliyetufundisha kuhesabu mizani alikabidhiwa sheria za nchi. Siamini kwamba hizo zilikuwa kazi mbili zisizojuana. Anayejua kwamba silabi moja ikizidi mshororo umevunjika, anapaswa kuwa wa kwanza kusikia silabi moja inapozidi katika ahadi ya hadhara.

Je, tunasikia? Tumefanya makubwa katika istilahi. Bunge la Tanzania linajadili kwa Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya ilikiruhusu bungeni mwaka 1974, na Katiba ya 2010 imekiweka kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Tunazo akidi, hoja, muswada, marekebisho, azimio. Nomino zetu zimeshiba. Lakini soma ilani yoyote ya chama, au sikiliza hotuba yoyote ya bajeti, uhesabu: barabara zitajengwa, huduma zitaboreshwa, ajira zitaongezwa, changamoto zitatatuliwa. Zitajengwa na nani? Zitaboreshwa lini, na yupi akikataa? Tumeiunganisha -ta- na kauli ya kutendwa, tukapata kitenzi chenye deni lisilo na mdaiwa. Na deni likikaribia kudaiwa tunalipeleka kwenye "mchakato", neno ambalo siku hizi limekuwa meza ya matumizi maalumu ya Kiswahili: kila kisichofanyika kimelazwa juu yake.

Sisemi kwamba wanasiasa wa Augusta ni wakweli na wa kwetu ni waongo, wala kinyume chake. Nasema kwamba uwongo mwingi wa matazamio si wa mtu kusema asichokiamini. Ni wa mtu kutumia umbo la kitenzi lisilolingana na uwezo wake, na sisi wapenzi wa lugha kulisikia likipita bila kukohoa. Tunamkosoa mbunge akisema "mazingira haya yamekuwa mabaya sana kwa sababu iko shida". Akisema "maji yatafika kila kijiji" bila kumtaja wa kuyafikisha, tunampigia makofi kwa ufasaha.

Kuna faida nyingine ya umbo la -e, nayo niliiona nilipokuwa sitarajii. Anayeambiwa "utapita" amepewa kazi ya kungoja. Anayeambiwa "naomba upite" hujiuliza anayeombwa ni nani, na kama naye anaweza kuomba. Huko Augusta kila anayetaka kusema mbele ya kamati husikilizwa, raia na asiye raia, kwa dakika chache, ana kwa ana au kwa mtandao, na anaweza kusema kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Wahenga hawakuijua Augusta lakini waliijua kamati: asiyekuwapo na lake halipo.

Jumapili iliyofuata niligawa barua hiyo mpya baada ya ibada. Mama wa Uvira, ambaye tangu mwaka ule husoma karatasi zangu kwa jicho la hakimu, aliisoma akiwa amesimama karibu na mlango, koti halijafungwa. Alifika kwenye sehemu ya pili, ile ya mambo ya kuombwa, akaweka kidole juu ya aya ya msaada wa chakula.

"Mwalimu, hapa ameandika ataomba. Hajaandika tutapata."

"Ndivyo, Mama."

"Na mimi niende nikaombe?"

Nilimweleza kwamba tarehe ya kamati bado haijatangazwa, kwamba mwendo wa gari ni saa moja, na kwamba barabara za Februari huwa na barafu. Akasema barafu anaijua sasa. Nimemwahidi kwamba siku hiyo nitampeleka na nitamfasiria. Nimeiandika ahadi hiyo kwa -ta-, kwa kuwa gari ni langu na ulimi ni wangu, na nikishindwa anajua mlango wangu ulipo.